Niliwasimamia Wanajeshi wa Nyotani

Kitabu cha kwanza cha vita vya nyotani nilichokisimamia mbele ya watu kilihusu wanajeshi wanaojenga daraja juu ya mto wa vumbi, huko mbali ambako jua letu ni nyota ndogo tu miongoni mwa nyota. Watu walicheka. Fundi seremala alicheka mpaka akaweka randa chini. Mimi nilikasirika, na niseme kweli, hasira ile haijanitoka mpaka leo, ingawa nimeshakuwa bibi na wengi wa waliocheka tumeshawazika.

Ilikuwa Mafinga, miaka ya sabini. Nilikuwa mchapaji katika ofisi ya kiwanda kimoja cha mbao. Kwetu ni Iyunga, Mbeya, lakini masista walinisomesha Iringa mpaka kidato cha nne, nikajifunza taipu, nikapangiwa kazi huko kwenye baridi na mipaini. Nilikaa chumba kimoja na muuguzi wa zahanati, Mbena, Mlutheri wa kweli, mwanamke asiyependa maneno mengi lakini akishika kitabu humwondoi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi cha wasomaji.

Kikundi chenyewe kilikutana kila Jumamosi mchana katika karakana ya yule fundi, hatua chache kutoka barabara kuu ya Zambia. Tulikuwa watano. Fundi alikuwa Mhehe mrefu aliyejifunza kusoma ukubwani, na tangu hapo akawa anasoma kila kilichoandikwa, hata mifuko ya saruji. Kulikuwa na mzee mmoja, mlinzi wa kiwandani kwetu, ambaye ujanani alipigana Burma kwenye jeshi la Waingereza akarudi na goti bovu. Kulikuwa na mwalimu wa elimu ya watu wazima, kijana mwenye suti ya Chou En Lai iliyopigwa pasi vizuri, ambaye pia alikuwa katibu wa kamati ya tawi la chama. Halafu muuguzi na mimi.

Tulikuwa na desturi yetu. Mtu hakusema anapendekeza kitabu. Alisema anakisimamia, kama vile mtu anavyosimamia ndoa kanisani. Alisimama wima mbele ya meza ya useremala akaeleza ni kitabu gani na kwa nini tupoteze macho yetu juu yake. Kama kilikuwa cha Kiingereza alikisimulia kwa Kiswahili, sura baada ya sura, Jumamosi baada ya Jumamosi, maana fundi na mzee hawakujua Kiingereza cha kusoma. Maswali yote yalikwenda kwake. Lawama zote pia, kwa sababu mwandishi hakuwepo wa kulaumiwa. Kikundi kikikichoka kitabu, msimamizi alifagia maranda ya karakana mwezi mzima. Nilishafagia mara moja kwa ajili ya riwaya ya mapenzi ambayo mzee aliiita ugonjwa.

Vitabu vya nyotani nilivipata kwa bahati. Fundi mitambo mmoja mgeni pale kiwandani alimaliza mkataba wake, nikamchapia orodha ya mizigo. Sanduku moja akaliacha. Alisema ni takataka za kusomea safarini, nikitaka nichukue, nisipotaka nitupe. Nililifungua kitandani. Vitabu kumi na kimoja, na kila jalada lina merikebu za angani, moto, na wanajeshi waliovaa kofia za kioo kama chupa za taa. Sikufurahi. Nilitarajia mapenzi. Nilianza chenye jalada jekundu kwa sababu tu mvua ilinizuia kwenda popote, na mvua zilipokatika nilikuwa nimevimaliza vyote.

Nilivipenda. Sioni haya kusema hivyo, na wakati ule pia sikuona haya. Nilivipenda kwa sababu ndani yake watu walikuwa wamefika mbali kiasi cha kutisha na bado walilazimika kupanga foleni ya chakula. Karani mmoja akikosea tarakimu, merikebu nzima ilipotea, kwa hiyo karani alikuwa mtu wa maana, na mimi nilikuwa karani. Tena nilivipenda kwa sababu hakuna hata mmoja wa waandishi wale aliyekuwa akinifikiria mimi alipokuwa akiandika. Hawakunialika. Nikaingia hivyohivyo na kuketi.

Basi Jumamosi hiyo nikasimama na kile chekundu mkononi, wakacheka.

"Dada," akasema mwalimu, akijifuta macho, "taifa linajengwa huku chini. Huko nyotani tuna shamba?"

"Mwezi uliopita ulisimamia mpelelezi anayekunywa wiski hotelini," nikamwambia. "Yeye alilima wapi?"

Fundi akasema nipewe nafasi, fagio liko palepale. Nikaanza.

Habari yenyewe ni hii. Kuna kikosi cha wahandisi wa jeshi. Hawa si wapiganaji, ni watu wa kujenga madaraja ili wengine wakapigane. Wametumwa kwenye dunia ambayo vumbi lake ni jepesi mno, linatiririka bondeni kama maji, na mtu akianguka humo anazama. Wanajenga daraja. Jeshi linavuka. Baada ya siku nyingi jeshi linaanza kurudi, limepigwa, na ng'ambo kule imebaki hospitali ya hema yenye majeruhi. Hapo inakuja amri kutoka makao makuu, mbali sana: livunjeni daraja kabla adui hajafika, na kapteni wa kikosi atie sahihi kwamba ng'ambo hakuna mtu.

Nilifika hapo Jumamosi ya tano. Njiani mzee askari alinihoji mpaka jasho likanitoka. Wanakula nini? Nani anawapikia? Vyoo vyao viko wapi?

"Jeshi bila choo ni uongo," alisema. "Mtu anaandika vita, hataji choo, huyo hajaiona."

Nikarudi kwenye kurasa, nikapata mahali kapteni anagombana na sajini juu ya mashimo ya vyoo kuchimbwa karibu mno na tangi la maji. Nikawasomea. Mzee akajipiga goti lake zima.

"Hii kitabu imeandikwa na mtu alikuwepo!"

"Alikuwepo wapi, baba?" muuguzi akauliza. "Nyotani?"

"Jeshini. Jeshi ni moja tu, mama. Nguo ndiyo inabadilika."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyecheka tena, hata mwalimu. Shida ikawa nyingine: hawakuweza kufuata nani yuko upande gani wa mto. Fundi alichoka kuuliza. Akachukua vumbi la mbao akalimwaga katikati ya meza, likawa mto. Fito nyembamba aliyoipiga randa ikawa daraja. Vipande vya mbao vikawa magari, misumari ikawa watu, misumari iliyopinda ikawa majeruhi. Kwa ile penseli yake nyekundu ya useremala akaandika juu ya vibao: ADUI. BARUTI. ZAMU YA ALFAJIRI. Mwalimu mwenyewe alipanga misumari ya kikosi cha nyuma, akabishana na mzee kuhusu nafasi kati ya msumari na msumari. Tulipoagana fundi alisema tusiguse kitu, tutaendelea Jumamosi. Wiki ile alifanyia kazi zake sakafuni.

Jumatano mgambo wawili walifika karakana kuagiza benchi la ofisi.

Sitaki mtu awacheke. Wakati ule reli ilikuwa inakatiza milima yetu, na kusini mwa mipaka watu walikuwa wakipigana na serikali za makaburu. Redio ilitaja kulipuliwa kwa madaraja kama inavyotaja mvua. Kwenye kila mkutano tuliambiwa tuwe macho. Kwingine mtu angeona mezani mchezo wa watu wazima wasio na kazi. Wale mgambo waliona mto, daraja, baruti, adui na saa ya kushambulia. Walifanya walichofundishwa. Wakamchukua fundi na penseli yake.

Fundi aliulizwa mpango ni wa nani. Akasema si mpango, ni kitabu. Kitabu cha nani? Akasema kina msimamizi wake, akanitaja. Nilikuwa katikati ya ankara ya mbao za inchi mbili kwa nne walipoingia.

"Ndugu mchapaji, unahitajika ofisi ya tawi. Sasa hivi."

Nilikuta kamati imekaa. Fundi alikuwa kwenye kona, kofia mikononi. Mwalimu alikuwa mezani mahali pake pa katibu, daftari wazi. Mwenyekiti akamwuliza kama anajua lolote kuhusu kikundi hicho. Mwalimu akaangalia daftari.

"Nimekisikia," akasema.

Amekisikia! Mtu ambaye misumari ya kikosi cha nyuma ilikuwa bado imesimama kama alivyoipanga yeye. Hapo nikapata nguvu ambazo sikujua ninazo. Mlango ukafunguliwa, akaingia muuguzi na sare yake ya kazi, na nyuma yake mzee askari akichechemea. Hawakuitwa. Walikuja kusimama ukutani upande wangu.

"Daraja hili ni lipi?" mwenyekiti akauliza.

"Niruhusu nikieleze kitabu, ndugu mwenyekiti. Kukieleza nusu ni kukionea."

Nikakisimulia chote, kuanzia wanajeshi wanaposhuka mpaka mwisho. Kapteni anaisoma ile amri mara tatu. Hatii sahihi. Anawavusha majeruhi mmoja mmoja kwa muda wa saa kumi na moja, na daraja linavunjwa adui akiwa ameshalikanyaga, kapteni mwenyewe akiwa bado upande wa kule. Nilipokuwa kwenye majeruhi wa mwisho, mmoja wa wale mgambo alikuwa ameegemeza rungu lake ukutani.

"Na yeye kapteni, hakuvuka?" akauliza.

Mwenyekiti akagonga meza. Lakini kila mtu alikuwa ameelewa kwamba hapakuwa na njama yoyote. Fundi akaachiwa. Mambo yangeishia hapo, tungeshikana mikono, tungekunywa chai.

Mwalimu ndiye aliyeomba kusema. Nimefikiri sana kwa nini, nami naamini ilikuwa aibu. Alijua mimi najua. Akasema hata kama si njama, vitabu vyenyewe ni sumu. Ni vya mabeberu, vinatukuza vita, na ubaya kuliko wote, shujaa wake ni mwanajeshi anayekataa amri. Mchapaji wa nyaraka za umma anawafundisha watu kukataa amri! Kamati ikanong'ona. Ikaamua vitabu vitolewe, na mimi niandike barua ya kuvikana: kwamba nimevisoma, nimeona vina madhara, na namshauri msomaji yeyote asiviguse. Nakala moja ibaki kiwandani, moja tawini, moja iende mkoani Iringa. Nisipoandika, kiwanda kitaarifiwa kuwa sifai kukaa kwenye taipu.

Alasiri hiyohiyo sanduku lilichukuliwa chumbani kwetu likapelekwa kwenye boila la kiwanda, lile linalokula mabaki ya mbao. Dirisha langu la ofisi lilitazama bomba la moshi. Nilitazama. Moshi haukubadilika hata kidogo, si rangi, si unene. Vitabu kumi na kimoja vilipita bombani na hakuna mtu Mafinga aliyeinua macho.

Nilipewa mpaka Ijumaa. Bwana utumishi wa kiwanda, mtu mpole aliyechukia kelele, alinijia mwenyewe.

"Dada yangu, ni ukurasa mmoja tu. Andika, yaishe. Nani atausoma?"

Chumbani muuguzi naye alinishauri hivyohivyo. "Andika. Mungu anaujua moyo wako."

"Mungu anajua," nikamjibu, "ila atakayeisoma barua hajui."

Nisijifanye shujaa. Niliogopa mpaka nikashindwa kula. Nilikuwa mwanamke mwenye ufunguo wa chumba mfukoni mwake na jina lake kwenye orodha ya wafanyakazi, na nyumbani Iyunga hapakuwa na mwingine wa umri wangu aliyeweza kusema hivyo. Niliupenda ufunguo ule. Niliipenda ile taipu, kengele yake na harufu ya utepe wake. Nilijiambia ni karatasi tu. Nikajiambia tena. Kila nilipojiambia hivyo niliona kwamba wanachokitaka si vitabu, vitabu wameshavichoma. Walitaka neno langu. Nilikuwa nimewaambia watu wanne wasome kitu hiki, ni kizuri, na sasa natakiwa kusema nilidanganya.

Alhamisi fundi alikuja mpaka mlangoni, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, dada. Mimi nina watoto. Sikukutaja kwa ubaya."

"Ulifuata desturi, fundi. Msimamizi nilikuwa mimi."

Akasema meza ameifagia. Akaondoka.

Sasa sikiliza walivyojikwaa. Barua ya kunidhalilisha ilitakiwa ichapwe, tena kwa utaratibu, na kichwa cha habari, na kumbukumbu namba, na nakala tatu. Na mchapaji wa kiwanda alikuwa mmoja tu. Ijumaa saa sita bwana utumishi aliweka mezani kwangu rasimu aliyoiandika kwa mkono wake, mistari minane, akaweka karatasi tatu na kaboni mbili juu yake, akaenda kula.

Nikapanga karatasi. Nikachapa kichwa kama alivyoandika: YAH: VITABU VYA VITA VYA NYOTANI. Nikachapa mstari wa kwanza kama alivyoandika: Mimi mwenye jina hapo chini nimevisoma vitabu vinavyohusika. Hapo nikaigeuza rasimu yake kifudifudi.

Nikachapa: "Nimevisoma vyote kumi na kimoja na ninavisimamia vyote kumi na kimoja."

Halafu nikaviorodhesha kwa namba, kila kimoja na jina lake na la mwandishi wake. Sina nakala ya barua ile, lakini vidole vyangu vinaikumbuka. Namba moja, chekundu, kisomwe na mtu yeyote aliyewahi kupewa amri na mtu asiyekuwepo. Namba mbili kinahusu bohari ya merikebu ya kivita na mwanamke anayewagawia watu hewa kwa kipimo, kama mama zetu walivyogawa unga mwaka wa njaa. Wapewe watunza stoo wote, ila waruke sura ya mapenzi, mwandishi hayajui. Namba tatu kina mapigano mengi na akili kidogo, kinafaa siku ya mvua. Namba nne ni cha wanajeshi waliorudi kutoka vitani wakakuta nyumbani kila mtu anawashangilia na hakuna anayewauliza kitu. Sijasoma kitu kizuri zaidi, na atakayekipata asimwazimishe mtu asiyerudisha. Namba saba ni kibovu. Mwandishi wake hajawahi kusikia baridi, watu wake wanalala kwenye barafu bila blanketi, lakini kisomwe kwa ajili ya mpishi. Namba kumi na moja nilikuwa nakisoma kwa mara ya tatu kilipochukuliwa kwenda kwenye boila. Nikamalizia: "Nawashauri wasomaji wavitafute vitabu hivi popote vilipo. Wako katika ujenzi wa taifa." Nikatia sahihi zote tatu, nikagonga muhuri wa kiwanda zote tatu. Nakala ya tawi nikampa tarishi. Ya mkoani nikaitumbukiza kwenye mfuko wa posta wa saa saba, na gari la posta likaondoka. Ya kwetu nikaiacha juu ya meza ya bwana utumishi, nikarudi kwenye ankara zangu.

Alipoisoma alikaa kitako polepole, mkono umeshika meza.

"Umejifukuzisha kazi mwenyewe, dada."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya hadithi!"

"Hata ungekuwa msahafu, mzee, kile ulichotaka niandike kilikuwa uongo."

Jumatatu nilirudisha ufunguo. Muuguzi alinisindikiza barabarani, akanibebea mzigo, halafu akanishika shingo akalia kama mtoto. Nilipata lifti kwenye lori la mbao linalokwenda Mbeya. Igawa tulisimama, dereva akanunua mchele wa Usangu, na tulipoondoka akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nasimamia vitabu. Akataka kujua maana yake nini, nikaanza na kile chekundu. Tulipokaribia Uyole alipunguza mwendo, malori mengine yanatupita yakipiga honi, kwa sababu majeruhi walikuwa hawajaisha kuvuka.

Mama alinipokea na jembe mkononi.

"Umefukuzwa? Uliiba?"

"Hapana, mama. Vitabu."

"Afadhali ungeiba. Ningejua la kuwaambia watu."

Basi nikalima viazi na mama, na jioni nikafundisha kisomo pale Iyunga. Watu walidhani nimetulia. Muuguzi aliniandikia kwamba kikundi kimekufa, mzee askari amefariki kwa mapafu, na mwalimu amepandishwa cheo. Nilisoma barua hiyo shambani na nikamtukana mwalimu kwa sauti, viazi vikinisikiliza. Ningependa kusema sikujuta hata siku moja. Nilijuta siku nyingi, hasa asubuhi za baridi, vidole vikiwa na udongo. Nilijiuliza ni nani aliyeshinda. Barua yangu ilikuwa ndani ya faili, faili ndani ya kabati, na bwana utumishi alisema kweli: nani angeisoma? Lakini hata siku ambazo nilijuta, nilijua kwamba wakinipa zile karatasi tatu tena nitachapa vilevile, na nitaongeza maneno juu ya namba tano, ambayo sikuitendea haki.

Miaka ikapita. Vita vya kule Kagera vikaja vikaisha, vijana wakarudi, tukawapigia vigelegele barabarani. Mwaka huo nilipata barua kutoka Iringa, kwenye bahasha ya serikali iliyogeuzwa nje ndani. Mwandishi wake sikumfahamu. Alikuwa karani wa masijala ya mkoa.

"Ndugu," aliandika, "nimepata anwani yako kwa shida, kwa muuguzi mmoja wa Mafinga. Barua yako ililetwa kwetu miaka ile ili iwekwe kwenye faili. Hatukuiweka. Iko kwenye droo yangu na imesomwa na watu tisa wa ofisi hii. Namba mbili tuliipata kwa padri, na ni kweli sura ya mapenzi ni mbaya. Namba moja alituletea dereva kutoka Lusaka. Namba nne hatujaiona popote. Mdogo wangu amerudi kutoka vitani. Anakula, analala, anajibu salamu, basi. Nilimsomea maneno yako juu ya namba nne, akaniuliza, hao watu ilikuwaje kwao? Ndilo swali la kwanza ameuliza tangu arudi. Tafadhali tuelekeze kilipo."

Kilikuwa kimetoka kwenye bomba la boila zamani sana. Nililia, na sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimekasirika upya, kama siku ile mbele ya dirisha. Kisha nikachukua daftari la kisomo lenye kurasa themanini nikaanza kuandika namba nne kwa Kiswahili, kutoka kichwani, tangu wanajeshi wanaposhuka mpaka mlango wa nyumbani unapofungwa nyuma yao. Ilinichukua majuma sita. Sehemu nyingi nilikuwa nimesahau. Sikutaka kubuni, nilishagombana na watu wengi mno kwa ajili ya ukweli wa vitabu vile. Kila nilipofika mahali nilipopasahau niliacha nusu ukurasa wazi nikaandika pembeni: hapa nimesahau, wewe unajua, jaza.

Nililituma Iringa na mtu wa basi, apewe yule mdogo wake karani. Mwisho wa kitabu niliukumbuka neno kwa neno, nikauandika kwa wino mzito, ukurasa mzima, bila kuacha nafasi.

Daftari lilirudi baada ya mavuno. Nafasi zote zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko nisioujua, si ule wa karani, wa mtu anayekandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Na ule ukurasa wa mwisho alikuwa ameukata wote kwa mstari mmoja, akaandika mwisho wake mwenyewe.